Hidrojeli na Mwanga: Istilahi za Kuelezea Uimarishaji wa Vitu Laini

UTANGULIZI

Mtafsiri wa maandishi ya kisayansi hukutana mara kwa mara na vitu ambavyo zamani lugha yetu haikuwa na haja ya kuvitaja. Jambo hilo si aibu kwa lugha yoyote, kwani kila lugha hukua kwa kadiri ya shughuli za wasemaji wake. Hatari iko kwingine. Iko pale mtafsiri anapotumia neno moja la kila siku kwa mambo mawili au matatu ambayo mtaalamu ameyatenga kwa makusudi. Hapo sentensi husomeka vizuri, wala msomaji hashtuki, lakini maana imekwisha kupotea.

Makala hii inalichunguza jambo hilo kwa mfano mmoja, nao ni ujuzi wa kuimarisha hidrojeli kwa kutumia mwanga. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, hidrojeli zimo katika lenzi laini za kuvaa jichoni, katika aina fulani za bandeji za vidonda, na hata ndani ya nepi za watoto zinazotupwa baada ya kutumika. Kwa hiyo maelezo yake humfikia mtafsiri, humfikia mwalimu wa sayansi, na humfikia mtumishi wa serikali anayesoma hati za ununuzi wa vifaa vya hospitali. Pili, ujuzi wenyewe umejengwa juu ya tofauti ambazo Kiswahili cha kawaida huzifunika kwa neno moja, yaani "ugumu".

Tutaeleza kwanza jinsi kitu chenyewe kilivyo na kinavyofanya kazi, kisha ndipo tuyatazame majina. Utaratibu huo ni wa lazima, kwani asiyekijua kitu hawezi kukipa jina linalokifaa.

1. HIDROJELI NI NINI?

Vunja yai bichi bakulini, nao ute wake utatiririka. Chemsha yai jingine, uone kwamba ute umeganda, unakatika kwa kisu, na hautiririki tena. Hata hivyo maji hayakutoka. Karibu sehemu tisa katika kumi za ute huo ni maji, kabla ya kuchemshwa na baada yake. Kilichobadilika ni protini zake, ambazo kwa joto zimefunguka, zikashikana, zikafanya wavu unaoyazuia maji yasitiririke. Ute wa yai lililochemshwa, basi, ni hidrojeli. Ni kitu chenye umbo lake, ambacho sehemu yake kubwa ni maji yaliyoshikwa na wavu wa molekuli ndefu.

Mlenda na ute wa yai bichi havimo katika jamii hiyo. Ni vizito na vinanata, lakini vyote viwili hutiririka. Kipimo chepesi ambacho mwalimu anaweza kukionyesha darasani ni kukiinamisha chombo: kitu kikitiririka chenyewe, si jeli.

Kuhusu jina, neno "jeli" lina asili yake katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kugandisha kwa baridi. Lilianza kutumiwa kama istilahi ya kemia katika karne ya 19 na Thomas Graham, mkemia wa Uskoti. Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusitumie shina letu wenyewe, "-ganda", tukasema "mgando". Jibu ni kwamba shina hilo linabeba mambo mengi mno. Maji huganda yakawa barafu, maziwa huganda, damu huganda, na mafuta huganda wakati wa baridi, na kila moja ni badiliko la namna yake. Kwa hiyo kitenzi "kuganda" kibaki kuelezea tukio, na nomino "jeli" ibaki kutaja kitu. Vilevile tunaona "hidrojeli" ni bora kuliko "jeli ya maji", kwa sababu msomaji akikutana na "jeli ya maji" atadhani inatajwa jeli iliyo nyepesi, au jeli iliyo tofauti na ile ya mafuta ambayo watu hujipaka mwilini.

2. KUTOKA MONOMA HADI WAVU

Wavu wa hidrojeli hujengwa kwa molekuli ndogo zinazoungana moja baada ya nyingine mithili ya pete za mnyororo. Molekuli ndogo huitwa monoma, na mnyororo mzima huitwa polima. Maneno haya yametokana na Kigiriki: "mono" ni moja, "poli" ni nyingi, na "meros" ni sehemu. Wazo kwamba vitu kama mpira na plastiki ni minyororo mirefu ya namna hiyo lilitolewa na Hermann Staudinger wa Ujerumani mnamo mwaka 1920, likapingwa na wengi, na mwisho likampatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1953.

Hapa mtafsiri anakutana na mtego wa kwanza, nao si mdogo. Akrilamidi ni monoma inayodhuru mishipa ya fahamu, na watumishi wa maabara huishika kwa mipira ya mikononi. Poliakrilamidi, ambayo ni mnyororo wa akrilamidi zilizokwisha kuungana, haina sumu hiyo, na ndiyo inayotumiwa kutengenezea hidrojeli nyingi. Mtafsiri anayeiacha silabi mbili za "poli" kwa kudhani kwamba ni pambo tu, amekigeuza kitu salama kuwa sumu, au sumu kuwa kitu salama. Kiambishi hicho kisidondoshwe kamwe, hata pale ambapo mwandishi wa asili amekitumia mara kumi katika ukurasa mmoja.

Katika vitenzi, Kiswahili kina nafasi nzuri kuliko lugha nyingi. Tukikubali shina "-polim-", viambishi vyetu vitatupa tofauti tunazozihitaji bila ya kuongeza neno jipya. Fundi huipolimisha monoma, monoma hupolimika. Kazi ya fundi ni upolimishaji, na badiliko linaloipata monoma ni upolimikaji. Mwandishi akisema kwamba monoma fulani "hupolimika yenyewe ikiachwa juani", msomaji ataelewa mara moja kwamba hapana aliyekusudia jambo hilo litokee.

Minyororo pekee haitoshi kufanya jeli. Isipofungwa pamoja, itateleza mmoja juu ya mwingine na kuyeyuka majini. Sharti ishikanishwe mahali mahali. Waandishi wengi wanapotaka kuutaja muundo huo hukimbilia neno "mtandao". Sisi tunapendekeza "wavu". Kwanza, mtandao siku hizi umekwisha kuchukuliwa na kompyuta na simu. Pili, wavu unakuja na msamiati wake kamili ambao mvuvi yeyote wa pwani au wa ziwani anaujua. Mahali ambapo minyororo imeshikanishwa ni fundo, na nafasi iliyo baina ya mafundo ni tundu. Baada ya hapo sayansi nzima ya jambo hili inaelezeka kwa lugha inayoeleweka: mafundo yakiwa mengi, matundu huwa madogo, jeli hukaza, hunywa maji machache, na hukatika upesi, mafundo yakiwa machache, matundu huwa makubwa, jeli huwa laini, na hunywa maji mengi.

Kwa tendo la jeli kunywa maji na kuongezeka ukubwa, neno "kuvimba" limezoeleka mno katika habari za magonjwa. Kwa kuwa hidrojeli nyingi hutumiwa mwilini, sentensi isemayo kwamba "jeli iliyowekwa jerahani ilivimba" yaweza kumtia muuguzi wasiwasi bure. Tunapendekeza "kufura", kama maharage yaliyolowekwa yanavyofura.

3. KAZI YA MWANGA

Monoma haziungani kwa kukaa pamoja tu. Sharti pawe na kitu cha kuanzisha kazi hiyo. Katika ufundi tunaouelezea, hutiwa kiasi kidogo cha dawa ambayo molekuli zake huupokea mwanga. Zikipigwa na mwanga unaozifaa, hutokeza radikali, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzi. Elektroni hiyo pweke haitulii. Huishambulia monoma iliyo karibu na kuungana nayo, upweke ukahamia kwenye ncha ya monoma ile, nayo ikaishambulia nyingine, na hivyo mnyororo ukakua kwa kasi kubwa mpaka ncha mbili pweke zikutane.

Wasomaji wengi wamekwisha kuiona kazi hii bila ya kuijua. Daktari wa meno anapoziba jino kwa dawa ya rangi ya jino, kisha akaimulika kwa taa ya buluu, ndivyo anavyofanya. Mwanga wa taa hiyo una urefu wa wimbi wa nanometa 470 hivi, nao huiamsha dawa iliyomo katika kizibo, kikakaza kwa muda wa sekunde chache. Kizibo cha jino si hidrojeli, kwani hakina maji mengi, lakini upolimishaji ni wa namna ile ile. Kwa hidrojeli hutumiwa mara nyingi miale ya urujuanimno, hasa ya nanometa 365, ambayo jicho haliioni.

Dawa hiyo inayoupokea mwanga tuiite nani? Baadhi ya waandishi huiita "kichocheo". Hilo ni kosa la kuepukwa. Katika kemia kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko na kubaki kilivyokuwa, ili kitumike tena. Dawa tunayoizungumzia hutumika ikaisha, na vipande vyake hubaki vimenasa katika ncha za minyororo. Kwa hiyo ni kianzishi.

Na je, tuseme "kianzishi cha mwanga"? Wako watakaosema kwamba maneno hayo yanamaanisha kitu kinachouanzisha mwanga. Lakini tukumbuke jinsi lugha yetu inavyofanya kazi. Jiko la mkaa halitengenezi mkaa, na taa ya mafuta haitoi mafuta. Kihusishi "-a" hutaja pia kile kinachokitumikisha chombo. Kianzishi cha mwanga, basi, ni kianzishi kinachofanya kazi kwa mwanga, kama lilivyo jiko la mkaa. Ama kuhusu tendo lenyewe, "upolimishaji kwa mwanga" halina utata wowote. Tumependelea "mwanga" kuliko "nuru" kwa sababu nuru ina matumizi mapana katika dini na ushairi, na yafaa iachwe huko kwa heshima yake.

Faida za mwanga kuliko joto ni tatu. Huwashwa na kuzimwa kwa wakati autakao fundi. Hufanya kazi katika halijoto ya chumbani, hivyo vitu visivyostahimili joto haviharibiki. Tena huweza kuelekezwa mahali mahali, kwa kuziba sehemu moja na kuiacha nyingine wazi, na hivyo jeli ikafanyika kwa umbo linalotakiwa. Mipaka yake nayo ni ya kutajwa. Mwanga hupungua kadiri unavyozama, kwa hiyo jeli nene yaweza kukaza juu na kubaki laini chini. Oksijeni ya hewani huziteka radikali na kuukatiza mnyororo, na kwa sababu hiyo mafundi huiondoa hewa kabla ya kuwasha taa. Mwisho, monoma ambazo hazikuungana hubaki ndani ya jeli, na hazina budi kuoshwa kabla jeli haijagusana na mwili.

4. HIDROJELI YA NYAVU MBILI

Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walichapisha habari za hidrojeli zinazofaa kutumiwa mwilini. Mwishoni mwa mwaka 1961 Wichterle alitengeneza lenzi laini za jichoni nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa watoto wa kuundaunda na dinamo ya baiskeli. Lenzi haibebi mzigo, hivyo ulaini ulikuwa faida kwake. Lakini waliotaka kutengeneza kitu cha kushika mahali pa gegedu ya goti walikutana na tatizo. Gegedu nayo sehemu yake kubwa ni maji, lakini hubeba uzito wa mtu anayeruka. Hidrojeli za kawaida hukatika hata kwa kubonyezwa kwa kidole.

Mwaka 2003 Jian Ping Gong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walionyesha njia ya kulishinda tatizo hilo. Kwanza hutengenezwa wavu wenye mafundo mengi, kwa monoma yenye asidi. Wavu huo huloweshwa katika maji yenye akrilamidi na kianzishi. Kwa sababu ya asidi yake, hufura sana, minyororo yake ikanyooka na kukazika kama kamba iliyovutwa. Kisha upolimishaji hufanywa mara ya pili, na wavu wa pili, mrefu na wenye mafundo machache sana, hufanyika ndani ya matundu ya ule wa kwanza. Katika ufundi huu mwanga wa urujuanimno hutumiwa kwa kila hatua.

Kila wavu ukiwa peke yake hukatika kwa mgandamizo usiofika megapaskali 1. Zikiwa pamoja, nyavu hizo ziliustahimili mgandamizo uliozidi megapaskali 10, ingawa karibu sehemu tisa katika kumi za jeli zilikuwa maji. Siri yake ni kwamba wavu wa kwanza umewekwa uvunjike. Jeli inapovutwa, minyororo mikakamavu hukatika hapa na pale, na kila ukatikaji hula sehemu ya nguvu inayovuta. Wavu wa pili huvishika vipande pamoja, ufa usipate njia ya kupita moja kwa moja.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliieleza hidrojeli nyingine ya nyavu mbili, mmoja wa poliakrilamidi na mwingine wa aljinati, polima itokayo katika mwani wa kahawia. Mafundo ya aljinati hufungwa kwa chembe za kalsiamu, nayo yakifunguka huweza kujifunga tena kwa kiasi. Jeli hiyo ilivutika hadi zaidi ya mara 20 ya urefu wake. Tunatahadharisha hapa kwamba neno "mwani" peke yake halitoshi. Mwani ambao wakulima wa Zanzibar wamekuwa wakiulima kwa biashara tangu mwaka 1989 ni wa jamii ya mwani mwekundu, nao hutoa karajinani, ambayo pia hufanya jeli lakini si aljinati. Mwenye kutafsiri na aitaje jamii ya mwani.

5. MANENO YA NGUVU

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala. Mtu akisoma kwamba jeli "imefanywa ngumu", ameambiwa nini? Kwa mtaalamu kuna angalau mambo manne, na kitu chaweza kuwa na moja kikakosa mengine.

Ugumu ni sifa ya kitu kisichochubuka wala kubonyea kikikwaruzwa au kikibonyezwa kwa ncha. Kioo cha dirisha ni kigumu.

Ukakamavu ni sifa ya kitu kisichopindika wala kuvutika kwa urahisi. Ngozi ya ng'ombe iliyokauka hukakamaa. Ikiloweshwa, ukakamavu huisha.

Uimara ni kiasi cha nguvu ambacho kitu hukistahimili kabla ya kukatika, kwa kila kipimo cha eneo lake. Hupimwa kwa megapaskali.

Ushupavu ni kiasi cha kazi kinachohitajika ili ufa uendelee katika kitu. Hupimwa kwa jouli kwa kila mita ya mraba. Kioo ni kigumu na kikakamavu, lakini hakina ushupavu, kwani ufa ukianza haukomi. Mpira wa asili ni laini lakini ni shupavu.

Tofauti hizi zinaonekana waziwazi katika takwimu. Hidrojeli nyingi za kawaida zina ushupavu wa jouli 10 hivi kwa mita ya mraba. Gegedu ina 1,000 hivi, na mpira wa asili 10,000 hivi. Ile jeli ya mwaka 2012 ilifikia karibu 9,000. Lakini bado ilikuwa kitu laini kinachovutika kwa mkono. Mtafsiri atakayeiita "jeli ngumu sana" atakuwa amesema kinyume cha habari yenyewe, na daktari atakayemsoma atadhani kwamba imetengenezwa kitu cha kushika mahali pa mfupa.

Hali kadhalika, sentensi kama "wavu wa pili huufanya wavu wa kwanza kuwa mgumu zaidi" ni ya uongo, ingawa hakuna kosa la sarufi ndani yake. Wavu wa kwanza huipa jeli ukakamavu. Wavu wa pili huipa ushupavu. Kwa jumla ya mambo haya, yaani tendo la kukifanya kitu kibebe zaidi bila ya kutaja ni sifa gani iliyoongezeka, tunapendekeza "uimarishaji". Neno hilo litumike katika vichwa vya habari, na ndani ya maelezo sifa yenyewe itajwe kwa jina lake.

6. ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Hidrojeli: kitu chenye umbo, kilichofanywa na wavu wa polima ulioshika maji mengi.
Monoma: molekuli ndogo iwezayo kuungana na nyingine kufanya polima.
Polima: molekuli ndefu iliyofanywa na monoma nyingi.
Upolimishaji: kazi ya kuziunganisha monoma.
Upolimikaji: badiliko la monoma kuwa polima.
Upolimishaji kwa mwanga: upolimishaji unaoanzishwa kwa mwanga.
Kianzishi cha mwanga: dawa itokezayo radikali ipigwapo na mwanga.
Radikali: kipande cha molekuli chenye elektroni pweke.
Wavu: minyororo ya polima iliyoshikanishwa.
Fundo: mahali minyororo iliposhikana.
Tundu: nafasi baina ya mafundo.
Kufura: kuongezeka ukubwa kwa kunywa maji.
Hidrojeli ya nyavu mbili: hidrojeli yenye wavu mmoja ndani ya mwingine.
Ugumu, ukakamavu, uimara, ushupavu: kama zilivyoelezwa hapo juu.

HITIMISHO

Katika orodha hii maneno ya kukopa ni machache, nayo ni ya vitu ambavyo majina yake yamekwisha kuenea katika lugha nyingi za dunia. Maneno ya kuelezea jinsi vitu hivyo vinavyofanya kazi, kama vile wavu, fundo, tundu, kufura, kukakamaa na kushupaa, tulikuwa nayo tangu zamani kwa wavuvi, kwa wapishi na kwa wachuna ngozi. Kilichokuwa kikikosekana ni kupatana juu ya lipi litumike wapi, na kulishika lililopatanwa.

Wasomaji wenye hoja dhidi ya mapendekezo haya wanakaribishwa kuzitoa, hasa walimu ambao wamekwisha kuyajaribu baadhi ya maneno haya mbele ya wanafunzi. Kwa mtafsiri aliye na kazi mezani leo, shauri letu ni fupi. Kabla ya kuandika "ngumu", ajiulize: je, hakichubuki, hakipindiki, hakikatiki, au hakipasuki? Jibu atakalolipata ndilo litakalomwonyesha neno la kuandika.